Makufuli Matatu ya Kikoba na Hela Iliyo Kwenye Simu Yako

Leo naweka pembeni viwavijeshi na mbolea, tuongelee ulinzi wa kitu ambacho tayari umeshavuna. Vijana wengi ninaowatembelea huku Rungwe Mpya na kata za jirani ni hodari wa kulinda mazao yakiwa shambani, wengine wanalala kwenye vibanda wiki nzima kufukuza nyani na nguruwe pori. Lakini mazao yakishageuka kuwa hela, hela hiyo inaachwa wazi kama mlango wa kilabu cha pombe.

Tuanze na kitu tunachokijua wote, yaani sanduku la kikoba. Lile sanduku la chuma lina makufuli matatu, na funguo zake wanakaa nazo watu watatu tofauti. Sanduku lenyewe analitunza mtu wa nne. Siku ya kikao, mmoja wao asipofika, halifunguliwi. Sasa kwa nini makufuli matatu? Mwizi mwenye mtaimbo hasumbuliwi na kufuli moja wala matatu, atabeba sanduku zima akalipasulie porini. Makufuli matatu yaliwekwa ili mtu mmoja, hata awe mzee wa kanisa, asiweze kufungua peke yake. Na yanafanya kazi kwa sababu funguo zinalala nyumba tofauti. Siku mtunza sanduku akisema "leteni zote nizitunze mimi, msihangaike," hapo mna kufuli moja tu, hata kama kwa macho yanaonekana matatu.

Shika hicho kipimo, tutakitumia mpaka mwisho: funguo zinakaa wapi, na je, zinakaa pamoja?

Hela ilivyotoka kwenye simu iliyofungwa

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi, jina lake naliacha, aliuza gunia kumi na mbili za maharage. Mnunuzi akamlipa kwa simu, zaidi ya milioni mbili. Kesho yake asubuhi akapanda gari kwenda Kasulu mjini kununua mbegu na mbolea ya msimu unaofuata. Pale stendi simu ikapotea. Yeye hakuwa na wasiwasi sana, kwa sababu simu yake ilikuwa na alama ya kuchora kwenye kioo na hakuna aliyekuwa anaijua. Alipofika kwenye duka la huduma za simu saa mbili baadaye, hela ilikuwa imeshagawanywa kwenda namba tatu na kutolewa kwa mawakala. Msimu ule alipanga kulima eka tatu, akalima nusu.

Wengi waliosikia walisema amerogwa, au kuna mtu wa ndani kwenye kampuni ya simu. Mimi nilimuuliza maswali mawili tu. Kwenye kava ya simu ulikuwa na nini? Akasema, kopi ya kitambulisho cha NIDA. Namba yako ya siri ilikuwa inafananaje? Akasema, mwaka wa kuzaliwa.

Hapo hakuna uchawi. Kioo cha simu hakijawahi kulinda laini. Mwizi anatoa laini yako, anaichomeka kwenye kitochi chake, na kwa mtandao yeye sasa ndiye wewe. Kimebaki kitu kimoja tu, namba ya siri ya tarakimu nne. Kuanzia 0000 hadi 9999 ziko namba 10,000, na kwa kawaida mtu akikosea mara tatu huduma inafungwa. Kwa hiyo mwizi ana nafasi tatu tu kati ya elfu kumi. Kama umechagua namba bila mpangilio, hana lake. Lakini mwizi hakisii hovyo. Anaanza na 1234, anaenda 0000, halafu mwaka wa kuzaliwa. Na mwaka wako wa kuzaliwa hahitaji hata kuukisia, kwa sababu namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1998, namba yake inaanza na 19980412. Ukiweka kopi hiyo nyuma ya simu na namba ya siri ikawa 1998, umeandika ufunguo juu ya mlango.

Kuna zaidi. Mtu akipiga huduma kwa wateja akidai amesahau namba ya siri, anaulizwa mambo ya kumtambulisha, na mengi ya mambo hayo yako kwenye ile kopi. Yaani laini, namba ya NIDA na jina lako kamili vyote vilikuwa kwenye kava moja. Funguo tatu, msumari mmoja.

Fanya mambo mawili leo hii kabla hujaenda shamba. Toa kitambulisho kwenye kava, kiweke nyumbani. Ukienda mahali kinapohitajika ndipo ukibebe. Halafu badilisha namba ya siri iwe haihusiani na mwaka, watoto, wala namba za mwisho za simu yako.

Jambo la tatu wengi hawalijui, na ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu ni bure na linafanya kazi hata kwenye kitochi. Laini yenyewe inaweza kufungwa. Kila laini ina namba yake ya siri, tofauti na ile ya kutumia hela na tofauti na ile ya kioo. Ukiiwasha, simu ikizimwa na kuwashwa, au laini ikihamishiwa simu nyingine, inaulizwa namba hiyo kwanza. Ikikosewa mara tatu inajifunga mpaka iwekwe namba ya PUK yenye tarakimu nane, na PUK nayo ikikosewa mara kumi laini inakufa moja kwa moja. Yule wa stendi angebaki na kipande cha plastiki. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, utaona kufuli la SIM. Angalizo: usibahatishe namba ya kuanzia. Mara nyingi imeandikwa kwenye kile kikadi kikubwa ulichobandulia laini, pamoja na PUK. Kama ulishakitupa, na najua ulikitupa, piga 100 uwaulize kabla ya kujaribu. Ukishaiwasha, weka namba yako mwenyewe na isiwe sawa na ile ya hela.

Wengine wameniuliza kama ni bora kuwa na laini mbili. Kwa anayeuza mazao ya maana nasema ndiyo. Laini ya hela ya msimu ikae kwenye kitochi nyumbani, na simu janja ya kutembea nayo iwe na laini ya nauli na soda. Hela kubwa ikishaingia ihamishie benki. Simu ni mfuko wa kupitishia, tusiifanye ghala.

Kidole chako ni sahihi

Mnakumbuka zile foleni za NIDA. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa kila laini iwe na mwenyewe. Nakubali limesaidia, lakini limezaa ujanja mpya. Unakuta kijana na mwavuli wake gulioni anasajili laini. Unaweka kidole, anasema "haijasoma, rudia." Unarudia. Haijasoma tena. Kumbe ya kwanza ilisoma, na ya pili pia, na sasa kuna laini mbili kwa jina lako, moja umeondoka nayo na nyingine inauzwa kwa tapeli. Akishamliza mtu huko aliko, polisi wakiifuatilia namba, jina linalotokea ni lako, mkulima wa Rungwe Mpya ambaye hata huko hujawahi kufika.

Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Fanya hivyo mara moja kila baada ya miezi michache. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaikane, usiipuuze. Na ukisajili laini, sajili dukani au kwa wakala mnayefahamiana, siyo kwa mpita njia.

Kwa mantiki hiyohiyo, linda namba yako ya mkulima ya mbolea ya ruzuku. Tangu ruzuku ianze msimu wa 2022/2023 mfumo unakujua kwa namba hiyo, na mbolea ikitoka kwa jina lako, kwenye mfumo umechukua wewe. "Niazime namba yako nichukue mifuko miwili" ni sawa na kuazimisha kidole.

Fuso likiwa limeshapakiwa

Utapeli mwingine unatuhusu sisi wakulima kuliko watu wa mjini. Mnunuzi amekuja na Fuso, mzigo umepakiwa, jua linazama, turubai limefungwa. Anabonyeza simu, anasema nimetuma. Simu yako inalia, unaona ujumbe mzuri kabisa, una kiasi, jina, namba ya muamala na salio jipya. Gari linaondoka. Usiku unataka kutoa hela ya vibarua, salio ni lilelile la jana.

Ule ujumbe uliandikwa na mtu, kwa vidole, na kutumwa kama ujumbe mwingine wowote. Ukiangalia juu, mara nyingi umetoka kwenye namba ya kawaida na siyo kwenye jina la huduma. Ila mimi siwafundishi kukagua ujumbe, kwa sababu jioni, umechoka, dereva anapiga honi, hutauchunguza. Nawafundisha kutoutegemea kabisa. Ujumbe ni tangazo, hela iko kwenye salio. Piga mwenyewe kwa simu yako: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Salio likisoma, turubai lifungwe. Lisiposoma, gari lisiwashwe, hata mnunuzi aseme mtandao unasumbua. Mtandao ukisumbua wote mtakaa mnywe chai. Mnunuzi wa kweli hachukii kusubiri dakika kumi, nimekaa na wengi.

Mdogo wake utapeli huu ni ule wa "samahani nimekosea, nirudishie." Ujumbe wa uongo unaingia, halafu mtu analia kwenye simu kwamba ilikuwa ada ya mtoto. Angalia salio kwanza. Hata kama hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake aombe irudishwe, utaratibu upo.

Na ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mnaujua. Unaotuma ni mtu asiyekujua kabisa, anarushia namba maelfu. Kwa nini unawapata watu wakati wa mavuno? Kwa sababu wakati huo kweli kuna mtu unayepaswa kumtumia hela: dalali, mwenye gari, aliyekupalilia. Ujumbe unakukuta ukiwa unamuwaza yeye. Basi iwe sheria ya nyumbani kwako kwamba namba mpya ya kutumia hela inathibitishwa kwa kupiga ile ya zamani na kuisikia sauti. Ujumbe wenyewe, pamoja na namba ya tapeli, upeleke kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo. TCRA katika ripoti zake imekuwa ikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa na majaribio mengi ya utapeli wa simu, kwa hiyo msiseme ni hawa majirani zetu wa mpakani. Hilo nalisikia sana na halina msingi.

Kwenye makundi ya WhatsApp ya kuuzia mazao kuna wizi wa akaunti. Mtu anakuandikia, tena kwa jina la mwanakikundi mwenzako, "nimekutumia tarakimu sita kwa bahati mbaya, nisomee." Tarakimu hizo ndizo WhatsApp inazotuma kwa anayetaka kufungua akaunti yenye namba yako. Ukimsomea, akaunti yako inahamia kwake, na dakika tano baadaye anaomba mkopo kwa marafiki zako kwa jina lako. Yule aliyekuandikia naye aliibiwa hivyohivyo. Dawa yake ni kufuli la pili: ingia Mipangilio, Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba yako ya siri. Hapo hata akizipata zile sita, atakutana na ulinzi mwingine. Lakini kumbuka kikoba. Ukiiandika namba hiyo kwenye ujumbe ndani ya simu hiyohiyo, funguo zimelala nyumba moja.

Mikopo ya kwenye programu za simu nitaiandikia makala yake. Kwa leo nitasema tu kwamba programu inayotaka kusoma majina yote ya kwenye simu yako ndipo ikupe elfu hamsini, inachukua dhamana kubwa kuliko shamba.

Ghalani

Sasa turudi kwenye vitu vya kushika. Nimeona ghala lenye kufuli zito, zuri, la bei, limening'inia kwenye pete zilizofungwa kwa skrubu fupi nne kwenye mbao laini. Mwizi hagusi kufuli. Anaingiza nondo nyuma ya pete, anavuta, skrubu zinang'oka na kufuli linabaki limefungwa vizuri kabisa, likiwa chini. Kabla hujaongeza hela kwenye kufuli, ongeza kwenye linaposhikwa. Tumia boliti zinazopenya mlango mzima, nati ziwe upande wa ndani. Kama bawaba ziko nje, fundi wa kuchomelea azichomelee pini zake zisitoke. Kazi hiyo ni ya nusu siku.

Kufuli lenyewe ndani lina vijiti vidogo vyenye springi, na meno ya ufunguo yanavinyanyua kila kimoja kwa kimo chake mpaka vikae mstari mmoja, ndipo linazunguka. Umbo hilo la ufunguo bapa lilitengenezwa na Mmarekani Linus Yale mdogo miaka ya 1860, na mpaka leo ndilo tunalonunua. Tofauti iko hapa: kufuli la bei ya chee lina vijiti vichache na limelegea, na kiwanda kinarudia meno yaleyale. Jaribu ufunguo wa jirani mwenye kufuli kama lako. Mmoja wetu alijaribu kwa utani na likafunguka, hakucheka tena. Nunua lenye shingo fupi nene iliyofichwa na mwili wake, ili mkasi wa kukatia nondo usipate pa kuuma.

Halafu hesabu funguo. Kufuli jipya linakuja na funguo mbili au tatu, ujue kila moja iko kwa nani. Kijana wa kazi akiondoka kwa ugomvi, badilisha kufuli siku hiyohiyo. Na hili ni la kikoba tena: anayeshika ufunguo wa ghala asiwe yeye anayeshika daftari la kuhesabia magunia. Kama ni mke na mume, agaweni. Kama ni wewe na mdogo wako, agaweni. Simtuhumu mtu. Upungufu ukitokea, daftari na ghala vitapingana mapema, na aliye safi atakuwa na cha kumtetea.

Taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita ni hela iliyotumika vizuri, ielekeze kwenye mlango. Mbwa pia. Kamera nimeulizwa sana. Kama ghala lako liko mbali na nyumba na mtandao ni wa kupandia kichuguu, kamera itakuonyesha kesho jinsi ulivyoibiwa jana. Ukiinunua hata hivyo, badilisha nywila iliyokuja nayo. Mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kiliteka kamera na vifaa vingine vingi sana duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha.

Saa ya kwanza

Simu ikipotea, usianze kuitafuta. Azima simu yoyote ya mtandao wako, piga 100, waambie wafunge huduma ya hela kwanza na laini pili. Usirudi nyumbani kwanza, na usikae unapiga namba yako kuomba mwizi apokee. Baada ya hapo nenda polisi uchukue taarifa ya upotevu, kisha dukani kurudisha laini kwa kidole chako, na ukishaipata badilisha namba ya siri.

Ili uweze kufanya hayo, kuna karatasi ya kuandaa leo. Andika namba zako zote za simu, namba ya NIDA, na tarakimu 15 za utambulisho wa simu yenyewe, unazipata kwa kupiga *#06#. Ongeza namba mbili za watu wa karibu, kwa sababu wengi wetu hatuna hata namba ya mama kichwani. Kama una pampu, paneli ya sola au bomba la kupulizia dawa, andika pia namba iliyobandikwa kwenye kila kimoja. Karatasi hiyo mpe mtu wa nyumbani aitunze, asiwe anayesafiri nawe. Namba za siri zisiwemo.